Nilisinzia Kanisani, Nikakimbiza Arusi Yote

Ukiniona nafunika uso na kitenge nikipita karibu na kanisa letu pale Dzaleka, kambi ya bakimbizi Malawi, usifikiri ni jua. Ni haya. Mi Mama Amani, fundi wa nguo, mutoto wa Uvira kule Kongo, njo mimi nilikimbiza arusi ya Neema, na nilikimbiza nikiwa nimelala. Batu bananiambia "achana nayo, ilishapita," lakini bao habakusimama fasi nilisimama siku ile.

Ilikuwa miaka ile vita ya kwetu ilikuwa imeisha ikaanza tena mara ya pili, kila wiki bageni banashuka kambini na mabunda kichwani, na sisi benye tulitangulia tukajiita benyeji (benyeji gani, mi hata ukuta wa jiko sikuwa nimemaliza). Neema alikuwa anaolewa na kijana mmoja wa Fizi, fundi wa baiskeli, na robe ya arusi akanipa mimi nishone. Kitambaa nilifuata Lilongwe, kwa rafiki yangu Mai Chisomo, Mmalawi anayeuza vitambaa kule Mtandire, mwanamke wa roho safi kabisa, nikamwambia wee mama, hii nguo utaiona ikivaliwa, lazima uje arusini.

Sasa niwaambie kitu sikuwa naambia mtu. Mi wakati ule sikuwa nalala. Nikifumba macho tu naiona barabara ya Uvira, batu na magodoro kichwani, milio nyuma yetu. Basi nilikuwa nashona mpaka kunakucha, na majirani bananisifu ati Mama Amani ana bidii. Bidii gani! Nilikuwa naogopa kitanda.

Asubuhi ya arusi mafua ikanishika, pua inachuruzika juu ya kitambaa cheupe, we fikiria. Shangazi ya Neema akanipa vidonge, akasema, "Meza kimoja, mama, vinalegeza mwili." Nikameza viwili. Hapo njo kosa lilianzia, kwa kile kidonge cha pili, kwa sababu nilitaka kupona haraka nikaonekane mbele za batu.

Na kweli nilionekana. Nilikaa benchi ya mbele na familia (fundi wa robe ni mtu mukubwa siku hiyo), karibu na Mama Mapendo, mama ya bwana arusi, mwanamke mupole, alikuwa ametoka Fizi juzi juzi tu, kusema anasema kidogo sana. Nyuma yetu kidogo Mai Chisomo na wenzake wawili wa Mtandire, na katoto kake Chisomo, kalikuwa kanaanza kusimama, kamekaa chini kwa mkeka kanachezea kifuniko cha sufuria. Kanisa limejaa mpaka madirishani.

Pasta akasema tufumbe macho tuombe. Pasta wetu akiombea maharusi anaanzia kwa Adamu, anapita kwa Ibrahimu, anapumzika, anaendelea. Na mi nikafumba. Nikajiambia, batu bote bamefumba, nani ataniona?

Kitu kinanishangaza mpaka leo ni kwamba sikujua nimelala. Niliona kanisa lile lile, dirisha lile lile, Neema na robe yangu. Ila sauti ya Pasta ikawa sauti ya kaka yangu, ananiambia tembea, usigeuke, tembea. Na mabenchi yakawa batu. Halafu kule nyuma benchi moja, ya kweli, ikaanguka: puuu!

Nikasimama. Balinisimulia baadaye kwamba macho yangu yalikuwa wazi, makubwa, na sikupiga kelele kama mtu anayeota, hapana, nilisema vizuri kama mtu analeta habari: "Banafika! Beko mlangoni! Mukamate batoto!"

Hakuna mtu aliniuliza ni banani.

Hakuna hata mmoja! Kama ungekuwa unapita njiani ungefikiri kanisa limetapika. Banaume mlangoni, bamama madirishani, kwaya ikapita juu ya ngoma zao. Bwana arusi na kostimi yake alikuwa nje kabla sijafunga mdomo. Neema akaruka dirisha, na mkono moja wa robe ukabaki kwa msumari, unapepea. Pasta akanipita na Biblia kwapani, anasema "Yesu, Yesu, Yesu," mbio hazina hata heshima.

Na mi nikaamka. Nikaamka nimesimama katikati ya kanisa tupu, kiatu kimoja sina, na kimya kile! Mutu akikuambia aliwahi kuona haya, mwambie asubiri.

Si tupu kabisa. Mai Chisomo na wenzake balikuwa bamekaa pale pale, mikono mapajani, bananiangalia.

"Chavuta n'chiyani?" Mai Chisomo akaniuliza, kuna shida gani, na alikuwa anatabasamu kidogo, maskini, alifikiri njo mila yetu, kwamba kwetu maharusi banatoka hivyo.

Nikaanza kumuomba musamaha, "Pepani, mama, nilikuwa..." Akainama kuchukua mutoto, mu ile fujo hakuwa ameangalia chini. Mkeka ulikuwa na kifuniko cha sufuria peke yake.

"Mwana wanga ali kuti?"

Mutoto wangu iko wapi. Jamani! Nilikuwa nimesema mi mwenyewe: mukamate batoto. Na mutu alikuwa ametii.

Tukatoka mbio. Nje batu bameshaanza kurudi mmoja mmoja, banapangusa magoti, banaulizana nani alipiga kelele, na ningeaibika vizuri hapo, lakini mama mwenye mutoto wake amepotea hana nafasi ya kucheka mtu. Bwana arusi akauliza, "Mama yangu iko wapi?" Njo tukaelewa.

Tuliingia mu mahindi nyuma ya kanisa, yalikuwa marefu kushinda mtu. Mi na Mai Chisomo tukabaona bote wawili kwa pamoja. Mama Mapendo amelala kifudifudi kati ya matuta, katoto kako chini ya kifua chake, na mkono wake umeziba mdomo wa katoto.

"Sss," anakaambia. "Nyamaza. Bado beko karibu."

Mai Chisomo akataka kuruka. Nikamshika. Niliona macho ya yule mama. Hakuwa amelala kama mimi, hakuwa amemeza kitu, lakini hakuwa Malawi. Alikuwa fasi ile ile mi nimetoka dakika chache zilizopita. Kama ningemwambia hakuna mutu, angekaza mkono. Nikapiga magoti kwa udongo, nikamnong'oneza, "Mama, balishapita. Mi mwenyewe nimebaona. Balishuka na njia ya chini, bameenda."

"Bameenda?"

"Bameenda, mama."

Mkono ukalegea. Katoto kakavuta pumzi, kakapiga kelele ya kupasua masikio, na sijawahi kusikia wimbo mzuri kama ule. Mama Mapendo akamnyooshea Mai Chisomo mutoto, anatabasamu na uso umejaa udongo, akasema, "Huyu nimemfikisha."

Mai Chisomo hajui Kiswahili. Aliniangalia nimtafsirie, na mi nilishindwa. Nilikuwa nangoja anipige kofi, na ningelipokea. Akakumbata mutoto wake, akamwangalia yule mama, halafu akafungua kitenge kichwani mwake akampangusa udongo usoni.

Arusi iliisha nje, juani, hakuna mutu alikubali kurudi ndani. Neema alisimama na mkono moja wa robe. Pasta alipomuuliza kama anamkubali huyu mwanaume, akamgeukia kwanza bwana arusi: "We mbele ya batu bote niambie, nilipita dirishani na nani?" Batu bakacheka, bengine bakalia, na yule kijana akaomba musamaha mara tatu.

Bazee ba kanisa bakasema nina pepo. Pasta akakataa, akanipeleka hospitali Lilongwe, akawa mtafsiri wangu wa Kiingereza. Dokta alinisikiliza, akaeleza kwamba mutu akijinyima usingizi siku nyingi, mwili unaweza kusimama na kusema wakati akili iko bado ndotoni, na kidonge kinaongeza. Akauliza, "Balikimbia bangapi?"

"Bote," Pasta akajibu, anaangalia viatu vyake.

"Sasa mbona umeniletea huyu moja?"

Pasta alikohoa sana kabla ya kunitafsiria ile.

Njo hivyo. Haya yangu mukaijua, mucheke, nimezoea. Lakini nimeapa. Giza ikiingia naweka mkasi chini, nazima taa, nalala kitandani hata kama najua ile barabara inaningoja mle ndani. Bora nikimbie peke yangu kwa godoro langu, kuliko kukimbiza tena arusi ya batu.