Kiingereza cha Bandani

Mama mwenye nyumba hupokea watoto wa Dublin kila kiangazi, wanaoletwa Conamara, magharibi mwa Ayalandi, kujifunza Kiayalandi, na sheria ya walimu wao ni moja: anayenaswa akisema Kiingereza hurudishwa kwao. Beairtle, jirani anayemletea mboji, vipande vya udongo mkavu wa kinamasi vinavyochomwa jikoni kama kuni, amezoea kumkuta akimenya viazi bila kuvitazama, vidole vimevimba, macho mazito, sikio kalitega ghorofani waliko watoto. Hapayuki. Hugonga meza kwa kijiko, na minong'ono ya juu hubadili lugha. "Kiayalandi, wanangu," husema kwa sauti iliyochoka zamani. "Hata kama mnatukanana."

Jana simu yake iliita. Aliitazama, akafuta mikono kwenye aproni, akatoka na kujifungia kwenye banda la mboji. Beairtle, aliyekuwa akishusha mzigo nyuma ya banda, alisikia yote. Mama mwenye nyumba alikuwa akiongea Kiingereza, tena cha kubabaika, na mjukuu wake aliyezaliwa Boston. "Sema polepole, mjukuu wangu. Bibi hajakuelewa."

Alipotoka, wakakutana uso kwa uso.

"Umesikia?"

"Nisikie nini, dada? Mimi Kiingereza kinanipiga chenga," alisema Beairtle, aliyejenga barabara za London nusu ya umri wake.

Mama mwenye nyumba hakucheka. Alijaza kikapu mboji asirudi mikono mitupu, akaingia jikoni, akaketi. Juu, mtoto mmoja alimwambia mwenzake jambo kwa Kiingereza. Mama mwenye nyumba aliinua kijiko, akakishikilia hewani kitambo kirefu, kisha akagonga.