Kipaji Kilichoshuka Puani

Bati lilinipitia usoni msimu wa upepo wa kusi, nikiwa msichana wa kuposwa. Lilichomoka kwenye paa la jirani yetu, Kariakoo, likaondoka na ncha ya pua yangu pamoja na upande mmoja wa tundu. Kidonda kilipona, uso haukupona. Tangu hapo nilitembea nimeuma upindo wa kanga kwa meno, na kila nilipopita sokoni watu walinyamaza, wakanipisha, wakaniambia pole. Nilizichukia pole zile kuliko kidonda chenyewe.

Basi daktari aliposema pua inaweza kutengenezwa upya, nusura niruke pale pale kwenye benchi la hospitali. Alikuwa Mhindi, mtoto wa muuza vitambaa wa Mchafukoge, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa mjini. Alinionyesha kwa kidole: angekata kipande cha ngozi kwenye kipaji cha uso wangu, akiache kimeshikilia kati ya nyusi ili kiendelee kupata damu, kisha akigeuze na kukishusha hadi puani. Kikishashika, ndipo angekata kile kikonyo, yaani ile ngozi iliyobaki imekishikilia kati ya nyusi. Alisema ufundi huo umetoka kwao Bara Hindi, tangu kale.

Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa amekaa kando yangu. Alisikiliza mpaka aliposikia neno kipaji, akasimama.

"Daktari, hapo hapakatwi. Hapo ndipo Mungu alipomwandikia huyu riziki yake, na mume wake, na siku yake. Ukipakata, atabakiwa na nini?"

Sikucheka, maana nami niliamini hivyo hivyo. Lakini niliiona pua ikiniponyoka, na hasira zikanipanda.

"Bibi, mimi silifuti andiko," daktari alisema. "Nalihamisha tu, nalileta chini kidogo."

"Andiko kuhama sijapata kusikia," bibi akamjibu, akanishika mkono twende zetu.

Nikauchomoa mkono. Kumkatalia bibi mbele ya watu, zama zile, lilikuwa jambo zito. Nikamwambia, "Bibi, kama yote yameandikwa, basi na bati liliandikwa, na kisu cha huyu daktari nacho kimeandikwa. Wewe utamfutia Mungu maandishi yake?"

Bibi akakaa, akajifuta macho. "Haya, mke mwenzangu. Kumbe bati lilikosea, lingeanza na ulimi."

Nilicheka hadi kanga ikaniponyoka mdomoni, na daktari akacheka nasi.

Nilipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi nilikuwa na mkonga. Kile kikonyo kilining'inia kati ya macho, na nilipotazama upande wa pili wa wodi ilinibidi nigeuze kichwa kizima. Sikujali. Kila asubuhi daktari alikuja na sindano, akaidunga pua mpya: ikitoka damu nyekundu, iko hai, isipotoka, imekufa, nami nirudi kwenye upindo wangu wa kanga. Asubuhi moja alidunga, pakawa pakavu. Niliacha kupumua. Akadunga tena, pembeni kidogo, na tone likachomoza, jekundu kama ushanga. Bibi alipiga kigelegele mpaka muuguzi akaja mbio kumkemea, naye akarudia kingine kwa ajili ya yule muuguzi.

Kikonyo kilipokatwa nikawa kichekesho. Nzi akitua puani, nilijipiga kipajini, kwa kuwa ngozi ilikuwa bado haijajua kwamba imehama. "Andiko linauliza njia," bibi akawa ananitania.

Pua yenyewe ilikuwa nene kidogo, na kovu la kipajini ninalo hadi leo. Lakini siku nilipoingia sokoni uso wazi, kanga mabegani, moyo ulinidunda kwa raha na hofu. Wauza nazi waliendelea kubishana. Hakuna aliyenyamaza. Hakuna aliyesema pole. Nikasimama katikati ya njia nikishangaa, mpaka mchukuzi mwenye gunia la mchele mgongoni akanifikia.

"We dada, umelala? Njia ya baba yako hii?"

Akanipiga kikumbo, akapita zake bila hata kugeuka. Nilibaki nalia machozi ya furaha katikati ya wale watu, nikimwombea dua mtu nisiyemjua. Mpaka leo sijatukanwa vizuri kama siku ile.