Grisi ya Baba kwenye Shafti Inayoelea

Baba yangu anasaga mahindi ya watu huko Kasulo, na ana imani mbili: Misa ya Jumapili na grisi. Kabla ya kwenda kanisani hukagua kwa kidole beringi za mashine yake, vile vyuma vinavyoshika mhimili unaozunguka, na iliyokauka huipaka. Kwake beringi kavu ni dhambi ya mwenye mashine.

Mimi chuoni nilikuwa nasomea beringi zisizogusana na kitu. Sumaku huishika shafti, yaani mhimili wenyewe, hewani, nayo huzunguka kwa kasi ambayo mashine ya baba haiwezi hata kuiota. Shida ni kwamba sumaku ina pupa: ikiivuta shafti kidogo, inataka kuimeza yote. Kwa hiyo kuna kompyuta ndogo inayopima kila wakati shafti ilipo, na kuiamuru sumaku ivute au ilegee. Kazi yangu ilikuwa kuitungia kompyuta hiyo kanuni stahimilivu, isiyochanganyikiwa hata uzito wa shafti ukibadilika bila taarifa.

Niliijaribu kwa kuibandika shafti vipande vya plasta, nayo haikuyumba. Mwalimu wangu hakuridhika. "Mabadiliko yote haya umeyachagua mwenyewe," alisema. "Niletee badiliko ambalo hukulipanga, la sivyo sipitishi kazi yako." Nikaja likizo nimenuna, kielelezo changu, mashine ndogo ya majaribio, kwenye beseni, nimekifunika kwa kitenge.

Jumapili ile nilikwenda Misa ya kwanza, baba akisubiri ya pili. Niliporudi nilimkuta ameketi mbele ya kielelezo, vidole vinang'aa. Alikuwa ameipaka shafti yangu grisi kwa upendo, kama anayempaka mtoto mafuta.

"Ilikuwa kavu kabisa, mwanangu," alisema. "Huko chuoni hamuoni?"

Nilimfokea. Nilimfokea baba yangu mbele ya wateja wawili wenye madebe ya mahindi, nikamwambia hajui anachogusa, na shafti ile sina nyingine. Alijifuta mikono kwa gunia, akatazama chini. Wateja nao wakagundua ghafla kwamba mahindi yao yana mawe ya kuchambua.

Nilichukua kitambaa nifute, mkono ukasita. Grisi ile sikuipanga. Ilikuwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, tena imechanganyika na unga. Kama ningewasha na kanuni ikashindwa, shafti ingegonga sumaku na kukwaruzika, na kazi ya miaka miwili ingeishia pale kwenye vumbi la mahindi. Nikawasha.

Shafti iliinuka, ikatetemeka, ikalia vibaya, ikarusha grisi kwenye shati la baba la kanisani. Nilishika kichwa. Kisha mlio ukapungua, ukapotea kabisa. Shafti ikawa inaelea na kuzunguka kwa utulivu, na grisi iliyobaki ikiwa bado imeganda upande mmoja.

Nilifurahi, lakini aibu ya kumfokea baba ilikuwa kubwa kuliko furaha. Nilizima, nikangoja shafti isimame, nikamletea kopo lake la grisi kwa mikono miwili.

"Baba, naomba uongeze."

Alichovya kidole.

"Kidogo tu," alisema. "Ukiizoesha, itadeka."