Baba amebariki tepe zangu za chuma

Watu wangu, mate ya baba yangu yameniharibia utafiti.

Jana jioni nilipitia nyumbani Kajiado kumuonyesha mzee tepe mbili za chuma. Ni chuma kilichoyeyushwa kikapoozwa ghafla sana hadi kikakuwa kama kioo ndani. Moja iko na kromiamu kidogo, ingine haina.

Nikamwambia kesho naenda maabara kuzipima sumaku.

Mnajua wazee wetu Wamaasai. Akazitemea mate ya baraka, zote mbili, akazifunga kwa kitambaa. "Enkai akutangulie, entito." Yaani, Mungu akutangulie, binti yangu.

Ningemkataza vipi?

Leo asubuhi nimefungua kitambaa hapa Kitengela. Ya kromiamu inang'aa. Ingine imejaa kutu.

Shida ni hii: kromiamu inazuia kutu, lakini inapunguza sumaku. Hiyo iliyoshika kutu ndiyo ilikuwa na sumaku kali. Ndiyo nilikuwa naitegemea, na sina ingine kama hiyo.

Mzee amepiga simu saa hii. "Entito, baraka imefanya kazi?"

Nimesema ndiyo, baba.

Amefurahi! Anasema nimpelekee na za wenzangu wa maabara.

Ninyi mngemwambia nini?