Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, hoteli ya ziwani ilifunguliwa tena baada ya vita, na mtandika vitanda wake wa zamani, ambaye wote humwita Mama Shuka, akarudi kazini. Wageni wa kwanza, mtu na mkewe, walitarajiwa mchana. Chumba chao alikitengeneza kikapendeza, ila kitanda alikisukuma hadi ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Ndivyo alivyowalaza wanawe miaka yote ya risasi, na mikono ilifanya yenyewe.

Mpishi, mdogo wa mumewe, alichungulia akacheka. "Shemeji, watu wamelipia ziwa, wewe unawaonyesha ukuta?"

"Cheka tu. Wewe hujaokota vioo vya dirisha kwenye kitanda cha mtoto."

Mpishi akageuka kutazama nje ya mlango. "Meneja anapanda ngazi, shemeji. Akikuta hivi, kesho utatandika vitanda vya nyumbani kwako."

Walikisukuma kitanda pamoja hadi chini ya dirisha. Injini ya boti ilipolia ghafla huko nje, Mama Shuka alijikuta amechuchumaa sakafuni. Mpishi hakucheka tena. Alimshika mkono akamwinua.

Meneja aliingia, akalitazama ziwa, akaridhika. "Safi sana, mama. Na vyumba vingine viwe hivi hivi."

"Sawa, bosi," alijibu, mgongo wake ukiwa umeganda ukutani.

Vimebaki vyumba kumi na kimoja. Ataanza na cha jirani, na shemeji yake atamsaidia kusukuma.