Maziwa ya Mwalimu Awinja

Mwaka wa tisini na nne, Milcah Awinja alikuwa ametimiza miaka tisa akifundisha sayansi katika shule moja ya msingi kule Matungu, penye mashamba ya miwa. Siku moja aliulizwa swali na Swaumu wa darasa la saba, msichana asiyejua kunong'ona.

"Mwalimu, haya mambo ya kuelea na kuzama yatatupa kazi gani? Kukata miwa hakutaki sayansi."

Awinja hakumkaripia. Jumatatu iliyofuata alimleta darasani Nadia, mama aliyepima maziwa ya wakulima katika kituo cha kukusanyia maziwa. Nadia aliwatolea salamu, kisha akachomoa kifaa chembamba cha kioo chenye namba shingoni.

"Hii ni laktomita. Kwenye maziwa safi inaelea. Yakitiwa maji yanakuwa mepesi, nayo inazama zaidi. Kujua tofauti hiyo ndiko kunakonilisha."

Watoto wakataka kuona. Maziwa yaliyokuwa karibu ni yale ya chai ya walimu, ambayo Awinja mwenyewe aliyaleta kila asubuhi kutoka nyumbani. Swaumu akamimina, Nadia akatumbukiza laktomita. Ikazama mpaka shingoni. Wakarudia. Ikazama vile vile.

Watoto wakamgeukia Mwalimu.

"Labda kifaa changu kimeharibika, Mwalimu," Nadia akasema, akitaka kumsitiri.

Awinja aliitazama laktomita. Angeweza kuitikia tu, na mambo yakaishia hapo.

"Kifaa ni kizima," alisema. "Maziwa haya yana maji. Andikeni mlichokiona."

Jioni alimwuliza Muhonja, mama mkwe wake, ambaye ndiye aliyekuwa akikama. Mama huyo aliinamisha kichwa.

"Ng'ombe amepunguza maziwa, mwanangu. Niliona aibu walimu wenzako wakose chai kwa sababu yetu."

Awinja hakumlaumu. Aliketi kando yake, wakachambua mboga pamoja. Kesho yake aliwaeleza walimu wenzake ukweli. Wengine walicheka, wengine wakampa pole, na kwa wiki kadhaa wote wakanywa chai ya rangi.

Swaumu naye alianza kwenda kituoni kila Jumamosi kumsaidia Nadia. Alipomaliza kidato cha nne aliomba kazi pale, akaipata. Alikuja shuleni mwenyewe kumpa Awinja habari hiyo, akipiga kelele tangu getini.