Mjane wa Kuze

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea, na kama huamini nenda mtaa wa Kuze, Mombasa, ukamtazame Razia wa duka la vifungo. Mwanamke mpole, mwenye haya zake. Hajapata kugombana hata na mteja anayepekua makopo matano kisha akanunua kifungo kimoja. Mwaka mmoja alifiwa ghafla na mumewe, Zoher, baada ya ndoa ya miaka thelathini na mmoja. Akakaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki nje, haonekani na wanaume wa kando.

Aliyekuwa akimletea habari za ulimwengu ni Sanober, shoga yake tangu madrasa. Sanober alisomesha Kiingereza huko Tudor, naye alikuwa na mume, Kaizar, mzima wa afya, mpenda sambusa. Kila Ijumaa alasiri Sanober alikuja kumtazama mwenzake. Siku moja akamwonyesha simuni kikundi cha watu wa nchi mbalimbali, Wajapani, Wabrazili, Wahindi, wanaopelekeana haiku.

"Ndiyo mdudu gani huyo?" Razia akauliza.

"Shairi la Kijapani, shoga. Mistari mitatu basi. Mizani tano, saba, tano."

"Na vina?"

"Havina haja."

"Wallahi! Shairi bila vina ni mchuzi bila chumvi. Hao wakija hapa Mvita watachekwa mpaka waombe nauli."

Alikejeli, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuhesabu. Ijumaa iliyofuata alimkabidhi Sanober karatasi ya kufungia vifungo, imeandikwa nyuma:

*Viatu vyako*
*vyangoja mlangoni,*
*nami chumbani.*

Sanober alisoma, akalia. Akasema atalifasiri alitume. Razia akamshika mkono. "Tuma, lakini jina langu lisitoke. Nimo edani, na humo kikundini mna wanaume nisiowajua. Andika tu Mjane wa Kuze. Eda ikiisha, utanitaja."

"Amana yako iko kwangu," Sanober akaapa.

Baada ya siku tatu likaja jibu la mama mmoja wa Japani, Michiyo, naye mjane. Sanober akamfasiria:

*Kikombe chake*
*chaoshwa kila siku,*
*kingali safi.*

Razia akaangua kilio ambacho hata matangani hakukilia. Jamaa waliokuja na Kurani na sahani za pilau walimwambia asubiri, asubiri, kila mtu amwambia asubiri. Huyu wa mbali hakumwambia neno. Alimwonyesha kikombe tu, na Razia akajua kuna mtu duniani anayeamka asubuhi kama yeye. Tangu hapo walijibizana. Kufika mwisho wa eda Razia alikuwa na mashairi ishirini na tatu, na hamu moja tu: siku moja Michiyo amjue kwa jina na sura.

Eda ikaisha. "Sasa nitaje," akamwambia Sanober. "Nitakutaja, shoga, ngoja kidogo." Ikapita wiki, ikapita mwezi. Michiyo alitaka kuja Mombasa, lakini Sanober akaleta habari kwamba safari imevunjika, mgongo unamsumbua. Razia akamwombea dua mgonjwa ambaye hakuwa mgonjwa!

Maana siku moja aliingia dukani Nekesa, mama wa bara anayepamba ukumbi mmoja hapo Mji wa Kale. "Mama Razia, nikatie utepe mweupe mita kumi. Kesho tuna mgeni kutoka Japani, yule wa vishairi vifupi. Anaitwa Michiyo."

Mkasi ukamtoka Razia mkononi. Hata hivyo akamtetea mwenzake moyoni: labda Sanober ataka kunifanyia jambo la ghafla nifurahi. Maskini! Moyo safi nao ni maradhi. Akapiga pasi buibui lake jipya, akaenda.

Alipoingia, Michiyo alikuwa ameshasimama, bibi mdogo mwenye nywele nyeupe. Akatoa karatasi akasoma kwa Kiswahili alichojifunza kwa ajili ya siku ile, polepole, bila kukosea: viatu vyako, vyangoja mlangoni. Kisha akainamia kiti cha mbele alipokaa Sanober, akaendelea kusoma. "Dada Sanober, pole kwa kufiwa na mume. Shairi lako limenifuta machozi."

"Ala!" Kaizar akaropoka, sambusa mkononi. "Mimi nimekufa lini?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Razia hakucheka. Kuibiwa shairi ni jambo moja, lakini huyu alikuwa ameiba msiba mzima. Eda amekaa yeye, pole kala mwingine, na huyo mwingine mumewe yu papo anatafuna!

Akasimama. "Bibi, shairi hilo ni langu. Aliyekufa ni Zoher wangu. Mjane wa Kuze ni mimi."

Kicheko kikakatika. Kiswahili cha Michiyo kilikuwa kimeishia pale karatasini, basi akamgeukia Sanober, ndiye mkalimani wa siku ile. Sanober akanong'ona, "Nisitiri, Razia. Nakuomba, mbele ya mgeni, nisitiri." Kisha akatabasamu, akamwambia Michiyo kwa Kiingereza kwamba huyu ni mwenye duka wa mtaani, anamkaribisha Mombasa.

Kiingereza cha Razia ni cha bei na rangi, lakini hayo aliyasikia vizuri sana. Akawatazama watu. Walikuwamo walimu, makarani wa bandari, vijana wa chuo, wote Kiingereza wanakijua. Alingoja mmoja tu afungue mdomo. Wapi! Kaizar aliinamia sambusa yake. Sisi watu wa Pwani hatumfunui mtu mbele ya mgeni, ndiyo sitara tuliyolelewa nayo, na siku ile tulimsitiri mwizi tukamwacha aliyeibiwa.

Razia akamsogelea Michiyo, akajipiga kifuani kwa kiganja. Mimi. Mimi. Michiyo akadhani ndiyo salamu yetu. Naye akaweka mkono kifuani, akainama kwa adabu, kisha akarudi kukaa karibu na Sanober.